Anwani iko kichwani: jinsi ya kutafuta jeni za protini za nje na za utando katika neva za senene

Mwongozo huu namwandikia mwanafunzi mwenye hadubini ya kupasulia, ndoo ya barafu, kompyuta ya kuazima na msimu mmoja tu wa senene. Lengo ni kupata orodha ya kuaminika ya jeni zinazotengeneza protini za aina mbili katika neva za mdudu huyu. Kuna zile ambazo seli huzimwaga nje, kama homoni na neuropeptidi (vipande vifupi vya protini ambavyo neva hutumia kutuma ujumbe). Kuna zile zinazokaa kwenye utando wa seli, kama vipokezi na mifereji ya ioni. Neva huzungumza kwa protini hizi: mmoja anatoa, mwingine anapokea. Ukizikosa, unabaki na orodha ndefu ya jeni za kazi za ndani, ambazo hata ini na msuli vinazo.

Kwa nini senene? Kwanza, tunao. Ruspolia differens, nsenene kwa Kiganda, huja Masaka na Kampala kwa mamilioni. Pili, jamaa zake wamelipa sayansi ya neva vizuri sana. Homoni ya kwanza ya kuchoma mafuta wakati wa kuruka, AKH, ilisomwa herufi zake mwaka 1976 kutoka kwa nzige. Protini ya kwanza ya familia ya semaforini, zinazoongoza nyuzi za neva zinapokua, ilipatikana kwa panzi mwaka 1992. Baadaye ndipo ikaonekana kwamba hata sisi binadamu tunazo. Mdudu tunayemkaanga kwa mafuta yake mwenyewe anastahili kusomwa kwa makini kuliko anavyosomwa sasa.

Kabla ya hatua yoyote, shika jambo moja, maana mwongozo wote umesimama juu yake. Protini inayotakiwa kwenda nje ya seli, au kukaa kwenye utando, mara nyingi huzaliwa na anwani iliyoandikwa mwanzoni kabisa, katika asidi amino (matofali yanayojenga protini) 15 hadi 30 za kwanza. Anwani hiyo huitwa peptidi ishara. Ribosomu, mashine ya seli inayotengeneza protini, ikianza kuitoa, mbebaji huidaka na kuipeleka ribosomu nzima kwenye retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa utando ndani ya seli, protini inasukumwa ndani, kisha kimeng'enya kinaikata anwani na kuitupa. Günter Blobel alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1999 kwa kulifumbua hili. Kwa hiyo protini iliyokamilika haina anwani tena, lakini jeni yake inayo. Sisi tunasoma jeni. Na kwa kuwa anwani iko kichwani, kila kosa linalokula kichwa cha mfuatano, tangu sokoni hadi kwenye kompyuta, linakufutia protini kwenye orodha bila kukuambia.

Hatua ya kwanza: pata senene walio hai

Msimu mkubwa ni Novemba na Desemba. Waganda wameuita mwezi wa Novemba Musenene kwa sababu hiyo. Msimu mdogo huja Aprili na Mei. Panga kila kitu kabla: vibali, barafu, kemikali, kila chupa iwe na lebo. Kibali cha utafiti huombwa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda, na kama RNA yako (nakala za jeni ambazo seli hutumia kutengeneza protini) itasafirishwa nje ya nchi kusomwa, andaa mkataba wa kuhamisha sampuli mapema, kwa kuwa Uganda ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa ya kugawana faida zitokanazo na viumbe vya nchi. Makaratasi haya hayaendi kwa kasi ya senene. Anza miezi sita kabla.

Usinunue senene walionyonyolewa. Mdudu aliyeng'olewa mabawa na miguu na kurundikwa kwenye gunia anaweza kuonekana anatikisika, lakini seli zake zimeshawasha jeni za dhiki, na RNA imeanza kuliwa. Mara ya kwanza nilipomwendea muuzaji mmoja njiani Masaka, nikamwambia, "Mama, naomba wale wenye mabawa bado." Akanitazama. "Mwanangu, wa kupeleka wapi? Wenye mabawa wataruka wote kwenye gari." Tukaelewana kwa bei ya kilo nzima, nami nikaondoka na senene hamsini kwenye ndoo ya wavu. Lakini njia bora ni kukaa mwenyewe usiku kwenye mtego, pale mabati yanapong'aa kwa taa na senene wanateleza kuingia kwenye pipa, ukawachukua kwa mkono kabla hawajabanana. Waweke kwenye kizimba cha wavu chenye nyasi zenye mbegu bichi na pamba yenye maji. Wape siku mbili watulie.

Andika jinsia na rangi ya kila mmoja. Jike ana kitagia kirefu kama upanga nyuma. Wengi ni kijani au kahawia. Usichanganye jinsia kwenye chupa moja, utakuja kuijutia.

(Kama mwanafunzi wako ni wa ukoo wa Nsenene, muulize kwanza. Mwiko wao ni kula, na niliowahi kufanya nao kazi walipasua bila shida, lakini ni heshima kuuliza.)

Hatua ya pili: toa neva

Hapa ndipo mikono inapohitajika. Mlaze senene kwenye barafu dakika kumi hadi asitikisike. Mbandike kwa pini kwenye sahani ya nta, mgongo juu, mmwagie maji ya chumvi baridi hadi azame. Kata kwa mkasi mwembamba mstari wa mgongoni kutoka mkiani hadi shingoni, fungua pande mbili, toa utumbo wote kwa kibano bila kuupasua. Utumbo ukipasuka, vimeng'enya vyake na bakteria wake wataoga neva zako. Mtupe huyo, chukua mwingine.

Sasa angalia sakafuni mwa kifua. Chini ya mafuta ya manjano na nyuzi za misuli utaona kamba mbili nyeupe zikienda sambamba, na kila mahali zinapokutana kuna fundo linalong'aa kama punje ndogo ya lulu. Hayo ni mafundo ya neva. Kifuani yako matatu, na la mwisho ni kubwa zaidi kwa sababu limemeza baadhi ya mafundo ya tumboni. Yameshikiliwa na mirija ya hewa ya rangi ya fedha. Usivute. Kata kila mrija kwanza, kisha kamba, kisha inua fundo kwa kulishika mkia wa kamba, si fundo lenyewe. Ondoa mafuta yaliyogandia juu yake, kipande kwa kipande. Mafuta ya mwili wa mdudu ni kiwanda kikubwa cha protini zinazotolewa nje, kama vitelojenini na lipoforini, na zikiingia kwenye sampuli yako zitajaza orodha kwa vitu visivyo vya neva.

Ubongo uko kichwani kati ya macho mawili. Pasua uso kutoka juu, uondoe ganda, utauona ukiwa mweupe na matawi mawili ya macho pembeni. Sasa sikiliza vizuri: nyuma yake kuna tezi ndogo mbili, corpora cardiaca, zimekaa ukutani mwa mshipa mkuu wa damu. AKH hutengenezwa humo, si kwenye ubongo wenyewe. Ukikata karibu mno nyuma ya ubongo unaziacha, na hutapata homoni maarufu kuliko zote za panzi. Kata kwa nyuma, chukua na kipande cha mshipa.

Tangu kisu kiingie hadi tishu iingie kwenye chupa, dakika tano. Nikizidi hapo natupa. Tia ubongo kumi kwenye chupa moja, mafundo ya kifua ya senene haohao kwenye nyingine. Fanya hivyo mara tatu, kwa senene tofauti. Chukua pia msuli wa paja na mafuta ya mwili kama vilinganishi. Bila hivyo hutaweza kusema jeni gani ni ya neva zaidi.

Tumia kimiminika cha kuhifadhi RNA, si kutegemea friji peke yake. Umeme ulishawahi kukatika usiku kwenye maabara niliyofanyia kazi, jenereta haikuwaka, na kazi ya msimu mzima ikayeyuka kabla ya asubuhi. Zilizosalimika ni chupa nne tu zilizokuwa kwenye kimiminika hicho.

Hatua ya tatu: RNA

Njia ya TRIzol (kimiminika cha kutolea RNA kwenye tishu) na klorofomu inatosha. Senene ana mafuta mengi kuliko wadudu wengi, kwa hiyo baada ya kusaga tishu ndani ya TRIzol, izungushe kwanza kwenye sentrifuji baridi kabla ya kutia klorofomu. Juu utaona utando mwembamba wa mafuta. Pitisha pipeti chini yake uchukue kimiminika cha chini, mafuta uyaache. Kisha endelea kawaida: klorofomu, isopropanoli, ethanoli ya asilimia 75 mara mbili, na kimeng'enya cha kula DNA.

Sasa kuna jambo linalowatisha wengi. Ukipima ubora wa RNA ya mdudu, mashine inaweza kukupa alama mbaya sana hata kama kazi yako ni safi. Sababu ni kwamba RNA kubwa ya ribosomu ya wadudu wengi, ile 28S, ina mkato wa asili katikati. Ukiipasha moto kabla ya kuipima, inaachana vipande viwili ambavyo vyote hukaa karibu na 18S, ile RNA ya ribosomu iliyo ndogo, na mashine iliyozoea RNA ya binadamu inadhani imeoza. Usitupe. Angalia mchoro wenyewe: kilele kimoja kirefu, chembamba, na mstari tambarare upande wa kushoto, ni RNA nzuri. Mlima uliolala wenye mteremko mrefu kuelekea vipande vidogo, hiyo ndiyo mbovu.

Na ubovu huo una maana zaidi hapa kuliko kwenye kazi nyingine. Maabara nyingi huchuja RNA kwa kuishika mkia wake wa adenini. RNA iliyokatika ikishikwa mkia, kinachobaki mkononi ni mkia, kichwa kimeshatoroka. Na sisi tunatafuta vichwa.

Hatua ya nne: soma na uunganishe

Usijaribu jenomu, yaani DNA yote ya mdudu. Jamaa ya panzi wana jenomu kubwa mno. Ile ya nzige Locusta migratoria iliyochapishwa mwaka 2014 ina herufi karibu bilioni 6.5, zaidi ya maradufu ya binadamu. Soma transkriptomu, yaani RNA peke yake. Agiza usomaji wa pande mbili, herufi 150 kila upande, milioni 30 hadi 50 kwa kila sampuli.

Safisha usomaji, kisha unganisha vipande kwa programu ya Trinity. Kwa makisio, andaa gigabaiti moja ya kumbukumbu kwa kila jozi milioni moja za usomaji, kwa hiyo kompyuta ya mkononi haitakufaa. Kampala kuna kompyuta kubwa za bioinfomatiki, na Makerere ndipo mahali pa kwanza pa kuuliza. Ukimaliza, pima ukamilifu kwa BUSCO, programu inayotafuta jeni ambazo karibu kila mdudu anazo, ukitumia seti ya wadudu. Kama sehemu kubwa ya jeni imeandikwa "vipande", rudi nyuma kwenye RNA. Usiendelee ukitumaini hatua zijazo zitakuponya.

Hatua ya tano: tafsiri kuwa protini

Kosa langu kubwa lilitokea hapa, na nimeona wengine watatu wakilirudia. Programu ya TransDecoder inatafuta maeneo yanayoweza kutafsiriwa kuwa protini. Kwa kawaida yake, isipoambiwa vingine, hutupa kila protini iliyo fupi kuliko asidi amino 100. Kwa jeni nyingi hilo ni sawa. Kwa neuropeptidi ni msiba. Mtangulizi mzima wa AKH ya kwanza ya nzige una asidi amino 63. Mwaka wangu wa kwanza nilitafuta AKH kwa miezi miwili, nikashuku upasuaji wangu, nikashuku kemikali, nikarudia RNA. Ilikuwepo tangu mwanzo. Kompyuta iliitupa siku ya kwanza kwa sababu ya namba ambayo sikuibadilisha.

Weka kikomo 40. Utapata takataka nyingi zaidi, lakini takataka huchambuliwa, kilichotupwa hakichambuliwi.

Kisha gawa protini zako mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile kamili, zinazoanza na methionini na kuna alama ya kusimama kabla yake kwenye RNA. Fungu la pili ni zile zilizokatika mwanzoni. Fungu la pili usilipeleke hatua inayofuata ukadhani majibu yake ni ya kweli. Protini isiyo na kichwa itajibiwa "haina ishara", na jibu hilo halina maana yoyote. Liweke pembeni, tutalirudia.

Hatua ya sita: soma anwani

Peleka fungu la kwanza kwenye programu ya SignalP, toleo la 6, ukichagua yukarioti (viumbe wenye kiini ndani ya seli). Itakupa uwezekano wa kuwapo peptidi ishara na mahali inapokatwa. Lakini kabla ya kuamini hata jibu moja, jifunze kuisoma kwa macho yako. Huu hapa mwanzo wa mtangulizi wa AKH ya nzige, kwa herufi moja moja za asidi amino:

MVQRCLVVALLVVVVAAALCSA | QLNFTPNWGT | GKR

Angalia pande tatu za kipande cha kwanza, chenye herufi 22. Mwanzoni, karibu na M, kuna R, yenye chaji chanya. Katikati kuna mfululizo wa L, V na A, asidi amino zinazoogopa maji, zinazopenda mafuta ya utando. Mwishoni, kabla ya mstari, kuna CSA. Ile ya mwisho kabisa na ile ya tatu kutoka mwisho lazima ziwe ndogo, kwa sababu kimeng'enya mkataji kina nafasi finyu pale. Hapa ni A na C. Chanya, mafuta, ndogo. Ukishazizoea utaziona hata ukiwa umechoka.

Kipande cha pili ndicho homoni: asidi amino kumi. Q ya mwanzo hujikunja yenyewe. Kisha GKR: K na R ni alama ya mkasi, mahali ambapo homoni inakatwa kutoka kwa mtangulizi, na G hutumiwa kuufunga mkia wa homoni kwa kundi la amidi. Ukiona peptidi ishara, kisha mahali fulani GKR au GKK au GRR, simama, vuta kiti. Mara nyingi hiyo ni neuropeptidi. Baadhi ya watangulizi hurudia kipande kilekile mara nyingi, kila kimoja kati ya alama zake za mkasi. Hao huonekana hata bila kompyuta.

Hatua ya saba: tenganisha walio nje na walio kwenye utando

Protini ikiingia retikulamu, si lazima itoke nje. Ikiwa na kipande kingine cha asidi amino kama 20 zinazoogopa maji, itakwama kwenye utando na kubaki huko. Tumia programu ya DeepTMHMM kuvitafuta vipande hivyo. Ni muhimu itumike programu inayotambua peptidi ishara na kipande cha utando kwa pamoja, kwa sababu vyote viwili hupenda mafuta na programu za zamani zilichanganya moja na nyingine, zikaihesabu homoni kama protini ya utando.

Hesabu ya vipande vya utando inakuonyesha familia. Vipande 7 ni dalili ya kipokezi kinachofanya kazi na protini G (mjumbe wa ndani ya seli), na wengi wa vipokezi vya neuropeptidi ni hao. Vipande 4 pamoja na kichwa kikubwa cha nje ni dalili ya sehemu ya kipokezi cha asetilikolini. Vipande 6, mfereji wa potasiamu wa aina ya Shaker. Vipande 24 katika protini ndefu sana, mfereji wa sodiamu.

Hapa lazima niseme jambo linalopingana kidogo na niliyoyasema juu ya kichwa. Vipokezi vingi vya vipande 7 havina peptidi ishara kabisa. Kipande chao cha kwanza cha utando ndicho kinachofanya kazi ya anwani. Na vipokezi vya harufu vya wadudu vimekaa kinyumenyume, kichwa kikiwa ndani ya seli. Kwa hiyo usichuje protini za utando kwa SignalP. SignalP chujia za nje. Za utando zipitie DeepTMHMM hata kama hazina ishara, na hapa fungu la pili, la waliokatika kichwa, linaweza kuingia pia. Mwili wenye vipande sita na kichwa kilichopotea bado unajulikana ni wa nani.

Kuna wengine wanaojificha. Baadhi ya protini hushikwa kwenye utando kwa nanga ya mafuta iitwayo GPI, bila kipande chochote kinachopita. Fasiklini ya kwanza, iliyopatikana kwenye neva za panzi, ni ya namna hiyo. Zitafute kwa programu ya GPI kwenye mkia. Na zile zinazoishia na herufi za asidi amino KDEL au HDEL ziondoe: zina ishara, lakini kazi yake ni kubaki ndani ya retikulamu.

Hatua ya nane: wape majina kwa tahadhari

Linganisha kila protini na za inzi Drosophila na nzige kwa BLAST, programu ya kulinganisha mifuatano. Inayofanana na ya wadudu, ipe jina lao. Inayofanana na bakteria au minyoo, iondoe. Senene hubeba vimelea, na bakteria nao wana peptidi ishara. Kisha ulinganishe wingi wake katika neva na katika msuli na mafuta.

Zitabaki protini zenye ishara nzuri, nyingi katika neva, zisizofanana na chochote. Wanafunzi huzitupa kwa sababu hazina jina. Mimi huzihifadhi kwanza kuliko zote. Kama kuna neno la senene ambalo inzi hana, liko humo.

Hatua ya tisa: hakikisha mezani

Kompyuta inakisia. Chagua jeni kumi unazozijali na uzithibitishe. Kwa waliokatika kichwa, tumia njia ya RACE ya upande wa mwanzo wa RNA, ambayo hurefusha hadi herufi ya kwanza. Gharama yake si ndogo, kwa hiyo chagua. Kwa kujua ni seli gani inatengeneza, paka fundo zima kwa kipimo cha RNA chenye rangi. Kuona seli mbili tu, moja kila upande, zimewaka kwenye ubongo mzima ni jambo ambalo hutalisahau. Kwa neuropeptidi, tezi moja kwenye kipimo cha uzito wa molekuli hutosha. Kumbuka kuhesabu mabadiliko: Q ya mwanzo ikijikunja hupoteza daltoni 17, na mkia ukifungwa amidi hupungua karibu daltoni 1. Usipoyahesabu, namba hazitakutana.

Na kama anwani yenyewe ina shaka, kuna jaribio la zamani ambalo bado nalipenda kwa uwazi wake. Chukua hamira isiyo na jeni yake ya invatesi, kimeng'enya kinachotolewa nje kusaga sukari ya miwa. Mpe invatesi iliyonyimwa peptidi ishara yake, na mbele yake unganisha kichwa cha jeni yako. Mlishe sukari hiyo peke yake. Kichwa chako kikiwa anwani ya kweli, kimeng'enya kitatoka nje na hamira itaota. Kisipokuwa, sahani inabaki tupu. Kabla ya programu kuwa nzuri, watu walitega maktaba nzima za jeni kwa mitego ya aina hii. Ule wa kwanza, wa Wajapani, ulichapishwa mwaka 1993, nao ulitumia seli za mamalia badala ya hamira. Kwa Drosophila, mwaka 1998, watafiti walipita njia nyingine: walichota RNA iliyoshikamana na retikulamu yenyewe, wakasoma hiyo. Kama una sentrifuji yenye kasi kubwa, njia hii inafaa hata kwa senene, ila itahitaji tishu nyingi.

Hatua ya mwisho: weka kumbukumbu

Peleka usomaji wote kwenye hifadhi ya mtandaoni ya NCBI, ambako watafiti wote huweka mifuatano yao, si protini zilizokupendeza tu. Andika mahali, tarehe, jinsia, rangi na tishu. Weka pia senene watano wazima kwenye ethanoli kutoka kwenye kundi lilelile, na karatasi ndani ya chupa. Iandike kwa penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli ndani ya wiki.